Tundu Ndani ya Nguzo ya Kitanda

Kwanza ulisikika mvumo, mzito na mtamu, kama nyuki waliohamia ndani ya ukuta. Kisha mvumo ukakohoa. Kikafuata kishindo kidogo, ta, na mashine ikaendelea kuzunguka kwa sauti ya mtu aliyeropoka asilotaka kusema.

Mkerezaji akaizima mashine yake ya kuzungushia na kuchongea mbao. Ubavuni mwa nguzo, katikati kabisa, ncha ya kekee ya kutobolea ilikuwa imechungulia nje kama jino la mtoto. Akapuliza vumbi la mbao, akaitazama nguzo aliyoiharibu, kisha ile ya pili iliyoegemea ukuta. Ya tatu haikuwepo duniani.

Zilikuwa nguzo za kichwani mwa kitanda cha marehemu mama yake. Mbao nyingine zote zilikwisha kuliwa na wadudu. Tangu mazishi, baba yake alilala kitini, shingo upande, akizinduka kila mara na kupapasa giza. Ombi lake kwa binti yake lilikuwa moja: nguzo ya kitanda kile igeuzwe taa ndefu, isimame kando ya kitanda kipya. "Nikiiona hiyo nitajinyoosha," alisema. Na taa inataka waya, na waya unataka tundu kutoka chini mpaka juu.

"Imepasuka, mama?" baba aliuliza kutoka kitini pake, mlangoni mwa karakana.

"Imetoboka ubavuni."

"Mama yako huyo. Ukimsukuma huku, anatokea kule."

Binti alicheka bila kupenda, akaitia kekee yake kwapani, akaenda kwa Mama Vyuma, muuza zana kuukuu. Duka lile lilikuwa na kiza cha chini ya maji; misumeno ilining'inia kimya kama samaki waliosinzia. Mama Vyuma aliipokea kekee, akaipindua.

"Nani kakuunganishia fimbo hii ya kuchungia mbuzi?"

"Mimi mwenyewe."

"Na ukiisukuma, unataka iende wapi?"

"Mbele."

"Itakwenda inakotaka. Kama mume wangu."

Akainama chini ya meza, akafukua mpaka vumbi likapanda na kuelea kwenye mwanga wa dirisha. Akatoka na vitu vitatu: kekee ndefu yenye mdomo wa kijiko, pete nene ya chuma yenye tundu katikati, na kishikio chenye kinundu mbele.

"Sikiliza, mwanangu. Pete inaikamata nguzo kwa nyuma, kekee inapita katikati ya pete. Unatoboa mpaka nusu. Unaigeuza nguzo, kinundu hiki kinaingia kwenye tundu ulilotoboa, unaanza upande wa pili. Matundu yatakutana yenyewe. Lakini mkia wa mashine yako, pale pete inapokaa, una tundu la kupitishia kekee?"

"Hauna. Ni chuma kizima. Naufuta kila asubuhi."

"Basi kwako haya ni mapambo." Akavisukuma mbele hata hivyo. "Nenda navyo. Ukiweza, nikerezee mpini wa nyundo."

Alirudi amevimba kwa hasira. "Baba, mashine yako haina tundu kwa nyuma."

Mzee akaanza kucheka, akacheka mpaka akakohoa. "Chukua kijiti na nyundo. Gonga hapo unapopafuta."

Aligonga. Kizibo cha mbao, cheusi kwa mafuta, laini kama kokoto ya mtoni, kikadondoka sakafuni.

"Nilikikereza nizuie vumbi," alisema mzee. "Nikasahau. Nawe umekipaka mafuta miaka yote hii."

Mwanga wa alasiri ukapita ndani ya chuma, ukatua mkononi mwake.

Akaifunga nguzo ya mwisho. Ilipozunguka kwa kasi ilionekana imetulia tuli, kama maji mtungini. Kekee ikaingia, akaichomoa, akamwaga unga wa mbao, akaiingiza tena, bila pupa. Harufu ikapanda, ya mbao na shuka zilizoanikwa juani, na karakana ikawa kama inaelea. Akajiona mdogo, ana homa, ameikumbatia nguzo hii hii, na mama anaimba wimbo usio na maneno. Je, mvumo ule ulikuwa wa mashine? Hakutaka kujua.

Akaigeuza nguzo. Kinundu kikakaa mahali pake. Kila alipochomoa kekee alipapasa ubavu wa nguzo, akitafuta joto la ncha iliyopotea njia. Ubavu ulikuwa baridi. Akasukuma kidogo, kidogo tena, na ghafla mbele ya kekee hapakuwa na mbao. Palikuwa na hewa.

Aliifungua nguzo, akailaza magotini mwa baba yake, yeye akachuchumaa mwisho wa pili na kutega sikio. Mzee akaweka mdomo kwenye tundu. Sauti yake ikaja kutoka mbali, kama sauti ya kijana.

"Unanisikia, mama?"

"Nakusikia."

"Nikishalala, usije ukaizima taa hii."

Naye akaweka mdomo pale alipokuwa ameweka sikio.

"Sitaizima, Baba. Ukizinduka saa yoyote, utaikuta inawaka."