Sigiri ya Siku ya Ukaguzi

Muhamadi alikohoa mpaka akashika ukuta, akatema majimaji meusi kwenye kopo. Mkewe, Safinah, alimfuta mdomo kwa ncha ya leso, kisha akatoka kumpokea mgeni.

Alikuwa Tarcisio, wa kampuni iliyogawa sigiri za kuokoa makaa mtaa mzima, huku chini ya kilima cha Bugolobi. Kwapani alikuwa na sigiri mpya.

"Nyabo, kesho mkaguzi anatoka Nairobi. Nyumba yako imechaguliwa. Weka hii jikoni, ile iliyopasuka ifiche. Sema unapikia hii kila siku."

"Halafu itabaki?"

"Jioni nitaichukua."

Safinah akatazama nembo ubavuni mwa sigiri. Ilikuwa ya kiwanda cha kuyeyusha vyuma ng'ambo ya mtaro, ambako Muhamadi alilisha tanuri miaka kumi na mmoja, hadi alipofukuzwa kwa sababu ya kifua.

"Hawa ndio wanaolipia?"

"Wanalipia moshi ambao nyinyi hamtoi mkipikia hizi. Wakipata cheti, nondo zao zinakubalika Ulaya."

"Na moshi wao?"

"Unahesabiwa umefutwa na huo msioutoa."

"Muhamadi aliwaomba waweke chujio kwenye bomba."

"Chujio lingesimamisha kazi miezi miwili, nyabo. Cheti hakisimamishi chochote."

Safinah akaipokea sigiri. "Nitasema vizuri," alijibu.

Asubuhi na mapema alipita nyumba kwa nyumba akiomba sigiri zilizovunjika. Jirani yake Nabwire alikataa kumfungulia mlango wote.

"Yangu bado nzima, dada. Usituharibie."

Saa nne Tarcisio akaja na mkaguzi, mwanamke kijana mwenye daftari. Safinah hakumwingiza jikoni. Alimpeleka nyuma ya nyumba, zilikorundikwa sigiri thelathini na nane, zimepasuka matumbo.

"Piga picha. Hakuna iliyomaliza mwaka. Ile ya jikoni imeletwa jana, na leo jioni inarudi."

"Ni kweli?" mkaguzi alimuuliza Tarcisio.

Tarcisio akainamia simu yake. Jasho lilimtoka, na Safinah alimkazia macho bila kupepesa. Tangu Muhamadi aanze kutema weusi, hakuwa ameonja utamu kama huo.

Mradi ulifutwa. Wiki tatu baadaye kiwanda kilikuwa na cheti kingine, cha msitu wa misonobari ambao hakuna mtu wa mtaani aliyewahi kuuona. Tanuri halikuzimwa hata siku moja. Tarcisio alirudi na lori kukusanya sigiri zilizobaki nzima. Zilikuwa mali ya mradi.

Jioni hiyo Nabwire alipita na jiwe kichwani. Safinah alimsalimia. Nabwire akalitua mlangoni pake mwenyewe, kando ya jingine, akarudi mtaroni kutafuta figa la tatu.