Mahojiano ya Ngara

Selpher Awiti alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kule Yala. Likizo ya Agosti, mwaka wa 1971, alikuja Nairobi kusomea utafiti wa jamii: namna ya kuchagua nyumba za kuhoji, kuuliza maswali na kuandika majibu bila kuyapinda. Alilala kwa shangazi yake, mtaa wa Jamhuri, na kila asubuhi akapanda basi kwenda chuoni mjini. Alikuwa amechoka na chaki, akitumaini kazi nyingine.

Mkufunzi wao, Bwana Mwanzia, alikuwa na kanuni aliyoirudia kila mara. "Mtafiti anauliza. Hashauri, hatoi ahadi, hasaidii. Ukimsaidia mmoja, jirani yake atakupa majibu anayodhani unayataka."

Siku ya mazoezi Selpher alipangiwa mtaa wa Ngara. Katika chumba kilichokuwa nyuma ya duka la jumla alimkuta Munyiva, muuza mboga, amempakata binti yake mdogo. Mtoto alikuwa na vipele usoni, na kifua chake kilipanda na kushuka haraka.

"Karibu, dada," Munyiva alisema. "Umetoka hospitali?"

"Hapana, mama. Mimi ni mwanafunzi. Nina maswali kidogo."

"Uliza tu. Huyu ni surua. Itapita."

Selpher aliuliza habari za chakula, maji, kodi, kazi ya mume. Kati ya swali na swali aliisikia ile pumzi. Alijiambia amalize ukurasa kwanza. Ukurasa ukaisha, akafungua mwingine. Alipofika kwenye habari za shule, midomo ya mtoto ilikuwa imebadilika rangi.

Aliweka kalamu chini. "Mama, twende hospitali. Sasa hivi."

Walimbeba kwa zamu, wakitembea mbiombio. Mtoto alikata roho wakiwa kwenye foleni ya hospitali, mgongoni mwa Selpher. Munyiva ndiye aliyetambua, alipoona kichwa kimelala vibaya.

Kesho yake Bwana Mwanzia alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akavua miwani.

"Pole, Selpher. Lakini mahojiano hayo hayajakamilika. Itabidi urudi."

"Nikamuulize nini?"

"Yaliyobaki."

"Kuna matanga pale, Bwana."

"Najua. Basi ngoja wiki ijayo."

Hakungoja. Alasiri hiyo alikwenda Ngara bila karatasi. Wanawake walikuwa wamekaa sakafuni. Mmoja akauliza huyu ni nani.

"Ni yule alikuwa ananiuliza maswali," Munyiva akajibu. Hakusema kwa hasira, na hilo lilimuuma Selpher zaidi. Wakamsogezea nafasi. Walipoanza kuimba wimbo wa Kikamba asioujua, aliinamisha kichwa.

Chuoni hakurudi. Shule zilipofunguliwa alikuwa Yala tena. Mtoto akikohoa tu darasani, alimpeleka zahanati papo hapo, hata kama ni mafua, mpaka wazazi wakaanza kunung'unika kwamba mwalimu anawapotezea watoto wao masomo.