Muziki Usioanza

Filomena alikuwa ameshaamua kutoupenda muziki ule kabla haujaanza, na ulipoanza ndiyo kabisa, maana hakujua kama umeanza. Alikaa mbele ya cherehani lake, sikio amelitega kwenye kispika chekundu, anangoja ngoma iingie, au mtu aimbe, au hata akohoe tu. Wapi. Sauti moja ndefu ilijaa polepole kama maji kwenye pipa, ikaja nyingine juu yake, zikakaa hivyo hivyo. Baada ya robo saa akamgeukia mwanawe.

"Hii bado unaitengeneza?"

"Nimeshamaliza, mama. Ndiyo hiyo."

"Umemaliza, na kuimba je?"

"Hakuna kuimba. Ni dakika hamsini na mbili za kusikiliza tu."

Filomena akashika uzi, akatafuta tundu la sindano. Dakika hamsini na mbili. Misa yenyewe ya asubuhi haifiki huko, na pale mtu anapata komunyo.

Severini alikuwa kitinda mimba wake, karani wa stoo katika kiwanda kimoja hapo hapo Kihonda, ajira ya kudumu, bima juu. Miaka miwili alikuwa akirudi kazini anajifungia na kompyuta yake, anaunganisha sauti alizokuwa akizifuata kwa miguu huko kwenye milima ya Uluguru: mto, vyura, upepo kwenye migomba, kengele ya misheni aliyoivuta mpaka mlio mmoja ukachukua dakika nzima. Sasa studio moja ya Arusha inayotengeneza muziki wa filamu ilikuwa imeusikia muziki huo mtandaoni, na ilimtaka ahamie huko. Walitaka jibu Ijumaa jioni.

Hapo ndipo palipouma. Ndugu zake wakubwa wawili walishaondoka zamani, mmoja Mbeya, mwingine Dodoma, wanapiga simu Jumapili. Baba yao alikuwa kaburini kwao mlimani, mwaka wa sita huo. Severini akienda, nyumba ingebaki na Filomena na kuku. Lakini mama gani amwambie mwanawe usiende? Angesemwa jumuiya nzima kwamba amemkalia mtoto kichwani. Basi akatafuta njia ya kuzunguka.

"Marafiki zako wanasemaje?" aliuliza.

"Wanasema ni moto."

"Watasema nini kingine? Mtu akikupikia ugali mbichi unakula, unasema asante nimeshiba. Niachie mimi. Nitawawekea wateja hapa, sitasema ni wa nani. Watu kumi wasiojua kitu. Wengi wakiupenda, nenda Arusha. Wasipoupenda, shika kazi yako."

Severini alifikiri kidogo, akakubali, na akikubali jambo huwa harudi nyuma. Filomena alimjua mwanawe alivyo, ndiyo maana alilisema.

Jumatatu, wa kwanza akawa Nasibu, kijana wa bodaboda, zipu ya jaketi ilikuwa imemshinda. Akasalimia shikamoo, akakaa kwenye benchi, akakunja uso.

"Mama, hii ngoma inaanza saa ngapi?"

"Imeanza zamani."

"Ah. Basi hii ni ya kungojea daktari."

Filomena akafungua daftari lake la vipimo, ukurasa mpya, akayaandika maneno hayo kwa mwandiko mzuri kuliko wa siku zote. Jumanne akaja Mwanvita, mwalimu wa chekechea, akasema unamtia usingizi, na yeye na watoto wale arobaini usingizi ataupeleka wapi. Mzee Tomasi, aliyekuwa ameshusha kabichi zake za mlimani sokoni akapitisha suruali itiwe kiraka, alisikiliza ameinamisha kichwa, kisha akatazama juu.

"Mwanangu, bati lako linavuja?"

"Hapana, baba. Ni muziki."

"Lo. Mimi maji nayaacha kwangu asubuhi, nakuja kuyakuta kwako mjini?"

Na Scholastika, katibu wa jumuiya, mwanamke asiyejua kutembea, yeye ni mbio tu, kutoka misa kwenda kikao, kutoka kikao kwenda msibani, alitoa hukumu kabla hajavua kandambili. "Hauna neno moja la kumsifu Mungu wala la kumtukana. Sasa wa nini?"

Kufikia Jumatano watu walikuwa saba, na hakuna hata mmoja aliyesema ni mzuri. Filomena alijisikia mwepesi, na palepale akaona aibu kwa wepesi ule. Akajiambia ukweli ni ukweli, yeye hakumlisha mtu maneno.

Jumatano hiyo hiyo jioni Scholastika alirudi kuchukua gauni lake. Akalijaribu, likamkaa, akalikunja kwenye mfuko, akaaga. Halafu akakaa. Alikaa kwenye benchi, mfuko mapajani, macho kwenye vidole vyake vya miguu. Filomena akadhani anaumwa. Akatazama saa ya ukutani, akaendelea kushona, akatazama tena. Zilipita dakika ishirini na mbili. Vyura walipokwisha kulia kwenye spika, Scholastika akashtuka, akasema "Mungu wangu, kikao," akatoka mbio kama kawaida yake.

Jambo lile lilimkwama Filomena kama mwiba wa samaki. Miaka thelathini ya ufundi ilikuwa imemfundisha kitu kimoja: mteja humuulizi kiuno chake. Ukimuuliza anakutajia kile cha mwaka alioolewa, wala hakudanganyi kwa makusudi, ndicho anachokijua. Fundi anachukua futi, anapima mwenyewe, anaandika anachokiona. Sasa yeye siku tatu nzima alikuwa anafanya nini? Alikuwa anawauliza watu viuno.

Akakumbuka kwamba Nasibu, zipu ilipokwisha, alikuwa amekaa na jaketi lake begani mpaka abiria akamwita barabarani. Akakumbuka Mwanvita alivyomaliza chai ambayo kwa kawaida huiacha. Alikuwa ameyaona yote hayo na hakuyaandika.

Angeweza kuliacha hapo. Lakini udadisi ni ugonjwa, ukikushika hauulizi kama una nafasi. Alhamisi asubuhi hakuwasha spika kabisa. Akawapima watu kwa saa ya ukutani tangu alipowapa nguo mkononi mpaka walipotoka, akaandika kwenye ukurasa mwingine. Mama wa sare za shule: dakika moja. Vijana wawili wa suti za harusi: dakika mbili, na hizo ni za kubishana rangi ya tai. Nasibu akachungulia mlangoni bila shida yoyote ya nguo, akauliza, "Mama, leo kile kitu chako kimekatika?" Alipoambiwa hakipo, akaenda zake.

Mchana akauwasha muziki. Mwanvita alipita baada ya kazi na kifungo kimoja, kifungo ambacho mtoto wa darasa lake angekishona, akakaa dakika thelathini na tano. Mzee Tomasi, suruali yake imeshakwisha, gunia tupu limekunjwa kwapani, alikaa arobaini na moja, na gari la kwao likamwacha. Hakulalamika. Alisema tu atapanda la jioni. Wateja wapya watatu wakatimiza wale kumi, nao hawakuusifu.

Usingizi wa siku ile haukuwa mtamu. Daftari sasa lilikuwa na kurasa mbili, na kila ukurasa ulisema lake.

Ijumaa saa kumi jioni Severini aliingia na sare ya kazi, akakaa penye wateja. Filomena hakutaka maneno mengi. Akafungua ukurasa wa kwanza, akamsomea: wa kungojea daktari, wa usingizi, bati linavuja, hauna neno. Watu kumi. Hakuruka hata mmoja.

Severini alisikiliza ametazama sakafu penye vipande vya vitambaa. Alicheka kidogo kwa lile la bati. Kisha akapangusa uso kwa kiganja.

"Basi, mama. Nitawapigia niwaambie siji. Tulikubaliana."

Akainama akaanza kuokota vipande, kimoja kimoja, kama alivyokuwa akifanya tangu mdogo, na Filomena akamwona atakavyokuwa: jioni zote hizi, mwaka huu na mwaka ujao, mwanawe hapo hapo, chai ya pamoja, taa inawaka chumbani kwake. Alichokuwa anakiomba kilikuwa kimefika. Ilibaki kunyamaza tu, na kunyamaza hakuhitaji nguvu. Severini akatoa simu mfukoni.

"Kaa," alisema Filomena. "Kuna ukurasa wa pili."

Akamsukumia daftari. Severini akasoma majina na namba, akageuza, akarudia.

"Arobaini na moja za nini? Kiuno cha Mzee Tomasi?"

"Dakika. Alizokaa hapa akiwa hana cha kungojea. Gari lilimwacha. Hao wote midomo yao inasema hivi, na makalio yao yamekataa kuondoka. Mimi nayaamini makalio."

Severini hakucheka safari hii. Alishika daftari kwa mikono miwili.

"Mbona hukuanza na huu?"

Filomena angeweza kusema chochote. Alikuwa mtu wa maneno. "Kwa sababu nilisali waseme mbaya," alisema. "Siku tano nimesali. Wakasema mbaya, na nikaona Mungu amenijibu. Sitaki uende, Severini. Nakwambia nikiwa na akili zangu, sitaki. Sasa toka nje upige hiyo simu kabla sijalichana hilo daftari."

Alitoka. Filomena alivuta kitambaa chini ya sindano, akakanyaga, akasimamisha, maana hakuuona mstari. Kupitia dirishani akamsikia mwanawe akitaja jina lake na la baba yake, kisha akisema ndiyo, ndiyo, Jumatatu naweza kufika. Akaweka paji la uso juu ya cherehani akalia kwa sauti, hakujali nani anapita.