Mlima Mbele ya Mlango

"Usiuguse, bado mbichi!" Zamda alionya.

Saidi aliurudisha mkono haraka, akaupangusa kwenye kaptura. Mlima ulisimama katikati ya ua juu ya ubao mpana, kimo cha goti, wa udongo wa kichuguu uliokandwa mpaka ukashika. Kileleni Zamda alikuwa amezamisha kikopo cha maziwa, mdomo tu ukabaki unachungulia. Watoto wa jirani walichuchumaa kuuzunguka, wakisukumana kwa viwiko.

Mwaka ule wa Azimio la Arusha, redio ya fundi cherehani hapo mtaani Mtendeni ilikuwa imetangaza kwamba kaskazini kuna mlima unatema moto. Tekla, binti wa Mama Apolinaria, akauliza mlima unatapikaje na hauna tumbo. Wakubwa walicheka. Zamda hakucheka. Yeye aliishia darasa la saba, jina lake halikuitwa kwenda mbele, lakini hakuwa mtu wa kuliacha swali la mtoto lilale njaa. Alikwisha ona jikoni namna magadi yanavyochemka yakidondokewa ndimu. Basi akatwanga magadi kwenye kinu, akaparuza sabuni, akachanganya na vumbi jekundu, akatia ndani ya kikopo.

Akakamua ndimu zote za nyumbani.

Fsss. Kipovu kimoja kilichungulia, kikapasuka.

"Mlima una mafua!" Saidi akapiga kelele, na ua mzima ukaangua kicheko.

"Kamasi hiyo," Zamda alikubali, naye akicheka. "Unataka kitu kikali zaidi. Siki."

"Mama ana wanzuki iliyochacha," Tekla alisema. "Inakata ulimi. Anataka kuimwaga."

Kicheko kilikatika. Wanzuki, pombe ya asali, ndani ya ua wa Bi Mwanamkuu, shangazi yake Zamda, ambaye hata chupa ya dawa ya kikohozi aliinusa kwanza! Na shangazi alikwisha sema juzi: likija lalamiko moja tu juu ya watoto hawa, wote watarudi makwao wasikanyage tena, na Zamda atapelekwa Puge kwa mjomba akalime pamba.

Zamda aliutazama mlima. Akawatazama watoto, ambao kila alasiri walikuja kwake bila kuitwa na mtu.

"Kailete," alisema. "Usiifiche chini ya kanga. Ishike mkononi."

Tekla alirudi na kibuyu, na nyuma yake alikuwa Bi Mwanamkuu mwenyewe, ametoka msibani, pua juu.

"Shikamoo, shangazi."

"Leo sina marahaba! Nini hicho?"

"Ilikuwa wanzuki, shangazi. Sasa imechacha, ni siki."

"Siki! Basi na mimi malaika! Azimio limesema watu wafanye kazi, halikusema mwanamwali mzima akande matope na kuniingizia pombe uani. Nyie, makwenu! Na wewe funga virago, kesho Puge."

Watoto walisimama, lakini hakuna aliyekwenda.

"Puge nitakwenda, shangazi, ukinipeleka," Zamda alisema. Sauti yake haikupanda. "Lakini mlima huu watauona."

"Si ndani ya ua wangu!"

"Haya. Si ndani ya ua wako. Saidi, shika ubao huko. Tekla, lete na kinu."

Wakaunyanyua. Walipita ukumbini mbele ya macho ya shangazi, udongo ukidondoka kwenye sakafu iliyofagiwa asubuhi, wakautua mchangani, barabarani kabisa, mbele ya mlango. Fundi aliondoa mguu kwenye cherehani. Mtu wa baiskeli aliyebeba madebe ya asali akasimama.

"Mnazika nini hapo?"

"Hatuziki," Saidi alijibu. "Tunazalisha!"

Zamda alikijaza kikopo unga wa magadi, akapiga magoti, akamimina ile wanzuki.

Kwanza kimya. Kisha mlima ukanguruma tumboni, ukafura, na povu jekundu likaruka kileleni, likafurika, likateremka mbavu zote kwa pamoja. Watoto walipiga mayowe kama waliomwagiwa maji ya baridi. Mtu wa baiskeli alirudi nyuma, madebe yakagongana. Harufu ya asali iliyochacha ikasambaa mtaa mzima, wala Zamda hakuziba mdomo wa kibuyu kuificha.

"Tena!" fundi akaita. "Hebu tena, bibie!"

Mama mmoja ambaye Zamda hakumjua alimsukuma mwanawe mbele, karibu na ubao.

Nyuma yake Zamda alisikia bawaba za mlango wa shangazi zikilia. Hakugeuka kutazama kama ulikuwa unafungwa au unafunguliwa zaidi. Povu lilikuwa limeingia kwenye alama ya tairi la lori, likishuka polepole kuelekea sokoni, na watoto walilisindikiza, miguu peku huku na huku, bila kulikanyaga.