Mwanafunzi wa Kumi na Saba

"Mzee, huyu wa kumi na saba nimtoe kabisa kabla hatujaanza?" Ummy aliuliza, mkono ukiwa juu ya mausi na macho yake akiyakwepesha ukutani.

"Mwache," Eliamini akasema.

"Utaratibu si unaujua. Asiyeitika leo anafutwa, nafasi inakwenda kwa aliye kwenye foleni. Yule Paschal wa Mbinga ameshanipigia mara tatu tangu asubuhi, anauliza kama kuna aliyejitoa."

"Nimesema mwache, mwanangu. Majina nitaita mwenyewe."

Ummy hakubisha. Yeye ndiye aliyekuwa mtu wa kompyuta katika ile ofisi ndogo ya mradi wa wakulima, mjini Same, juu ya duka la mabati na misumari, na alijua fika kwamba Irine wa namba kumi na saba alikuwa binti wa mzee huyu, na kwamba walimzika mwezi Machi. Akasogeza kiti chake kando ili Eliamini akae mbele ya kamera.

Eliamini alikaa kama mtu aliyekalishwa. Miaka thelathini alikuwa akilima tangawizi kule Myamba, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kushika chaki wala kumfundisha mtu yeyote zaidi ya mkewe na bintiye. Leo alikuwa amevaa koti lake la kanisani na kufunga vifungo vya shati mpaka kooni, utadhani anakwenda kupokea kipaimara. Kozi yenyewe ilikuwa ya wiki sita, ya kilimo cha tangawizi kwa njia ya mtandao, watu arobaini kutoka mikoa mbalimbali, na mwalimu wao ndiye huyu.

Yote hayo yalikuwa kazi ya Irine. Mwezi wa pili aliporudi nyumbani akiwa amemaliza chuo cha kilimo, aliona tangazo la mradi kwenye simu, akamfuata baba yake shambani, akampiga picha za video akieleza namna ya kuchagua mbegu, akazituma bila hata kuomba ruhusa. Eliamini alipogundua alifoka kidogo, kufoka kwa mtu anayeona raha na hataki ijulikane.

"Mimi nitasema nini mbele ya watu nisiowaona?" alimuuliza.

"Utaniona mimi. Nimeshajiandikisha. Ukibabaika, niangalie mimi, ufundishe kama tuko shambani. Ila usije ukaniita mwanangu huko. Niite jina langu kama wenzangu."

Homa ilimshika Irine Jumatatu moja ya Machi. Ijumaa wakampandisha Myamba akiwa ndani ya jeneza, kwenye gari la kanisa. Barua ya kusema kwamba Eliamini amechaguliwa ilikuja miezi miwili baadaye, naye aliikunja akaiweka chini ya godoro, mpaka Ernesta, mkewe, alipoitoa na kumwekea mezani. "Nenda," alimwambia. "Aliyekutuma unamjua."

Lakini hakikuwa hicho tu kilichomshusha mlimani. Tangu mazishi, jina la binti yake halikutajwa tena likiwa peke yake. Mchungaji alisema marehemu Irine. Mwenyekiti wa kijiji alisema marehemu Irine, wauguzi waliandika hivyo kwenye karatasi zao, na watu waliokuja kutoa pole walilitamka lile neno kwa upole, wakidhani wanamheshimu. Hata Ernesta siku moja, akitafuta bakuli, alisema "lile la marehemu", kisha akakaa chini jikoni akalia mpaka uji ukaungua. Eliamini yeye hakuweza kulitamka. Akanyamaza tu. Miezi minne hakumtaja mwanawe kwa jina lolote, na jambo hilo lilikuwa likimtafuna ndani kuliko hata kaburi lenyewe.

Ni kwenye orodha hii tu Irine alikuwa bado ameandikwa kama watu wengine: Irine Eliamini Mbwambo, Myamba, Same. Basi alichokitaka kilikuwa kidogo. Aliite jina hilo mara moja, kama mwalimu anavyomwita mwanafunzi, lisikike bila lile neno mbele yake. Kimya kingepita, naye angeandika hayupo, mambo yakaisha. Ndivyo alivyojipangia kwenye basi la alfajiri, kona baada ya kona.

Saa nne kamili Ummy akafungua kikao. Vidirisha vikajitokeza kwenye skrini kimoja kimoja, vingine vikiwa na nyuso, vingine vyeusi vyenye majina tu.

"Karibuni," Eliamini alisema. "Karibuni sana darasani. Mimi naitwa Mzee Mbwambo. Ualimu sijausomea, tangawizi ndiyo iliyonifundisha, na mara nyingi ilinifundisha kwa kuniozea. Kwa hiyo msiniogope."

Wakacheka. Kicheko kilikuja kwa mafungu, maana mtandao wa wengine ulichelewa, na Eliamini akajikuta anapata nguvu. Akaanza kuita. Kila aliyeitwa alifungua maiki, akasema "Nipo, shikamoo mwalimu," naye akaitika marahaba na kuweka alama ya vema. Namba tano, mzee Swalehe wa Handeni, alikuwa na sauti nzito ya kuchoka, Eliamini akamwahi yeye kwa shikamoo. "Marahaba, mwalimu wangu!" Swalehe akapokea kwa furaha kubwa, darasa zima likaangua kicheko. Namba tisa alikuwa Maua wa Kilosa, mwenye kidirisha cheusi na sauti nyembamba. Kumi na tano akaitika. Kumi na sita akaitika.

Eliamini akavua miwani, akaifuta kwa pindo la koti, akaivaa tena.

"Irine Eliamini Mbwambo," akasema.

Lilitoka vizuri. Lilitoka kama jina la mtu. Akavuta pumzi akipokee kile kimya alichokizoea.

"Nipo, mwalimu."

Sauti ilikuwa ya msichana, ya haraka, kama ya mtu anayezuia mdomo kwa kiganja. Kila aliyesoma shule za kwetu anaijua hila hii. Rafiki yako kachelewa, unamwitikia, mwalimu anaweka vema na siku inaendelea. Eliamini mwenyewe aliwahi kuifanya darasa la tano, akachapwa. Aliijua. Lakini kabla akili haijaikumbuka, moyo wake ulikuwa umeshasimama kumpokea mwanawe, na ilichukua muda kuukalisha tena.

Akaweka vema.

Ummy alimtazama, kisha akarudisha macho kwenye skrini.

Aliendelea kuita mpaka arobaini, ila ukimuuliza leo nani aliitika vipi hawezi kukwambia. Alijua tu kwamba thelathini na tisa wote walikuwepo, na kwamba pale katikati, mstari wa kumi na saba, binti yake alikuwa amehudhuria darasa. Aliutazama mstari huo kwa furaha mbaya, furaha ya mtu aliyeiba.

"Niitume?" Ummy akanong'ona, akimaanisha karatasi ya mahudhurio.

Kabla hajajibu, ujumbe ukajitokeza pembeni mwa skrini, wa kwake peke yake, kutoka kwa Maua.

*Mwalimu nisamehe sana. Aliyeitika kwa Irine ni mimi. Tafadhali usimfute. Mimi fomu ilinishinda yeye ndo alinijazia kwa simu, siku mbili bila kuchoka, na hatujawahi kuonana. Simu yake haipatikani muda mrefu nadhani imeibiwa. Atakuja tu mwalimu. Alisema hii kozi hawezi kuikosa.*

Eliamini aliusoma mara mbili. Angeweza kunyamaza. Wiki sita angemwita, Maua angeitika, na hakuna ambaye angeumia ila mtu mmoja wa Mbinga asiyemjua. Lakini yule msichana alikuwa anamsubiri Irine. Angemsubiri wiki ya pili, na ya tatu, akipiga ile simu.

"Jamani," akasema. "Kuna jambo nimelikosea. Namba kumi na saba."

Maiki ya Maua ikafunguka, kama anataka kuongea.

"Maua, mwanangu, hujafanya kosa. Ungekuwa karibu ningekushika mkono." Alishika ukingo wa meza. "Irine hatakuja. Irine ni..."

Ummy akainamisha kichwa.

"Irine ni marehemu," Eliamini akasema. "Ni binti yangu. Sina mwingine."

Kisha maiki zikaanza kufunguka, moja, tatu, kumi, na pole zikaja zikigongana, zikikatika, nyingine zikifika nusu. Pole mwalimu. Pole sana baba. Mzee Swalehe alisema neno la kumwombea, mtandao ukalimeza. Maua alisahau kuzima maiki yake, na wote wakamsikia akilia. Eliamini naye alilia, mbele ya watu arobaini kasoro mmoja, akiwa ndani ya koti lake la kanisani.

Alipoweza, akachukua mausi mwenyewe. Akaiondoa ile vema, kisha akabonyeza kufuta. Mstari wa kumi na saba ukafutika, na majina yote ya chini yakapanda hatua moja bila kelele yoyote. Ummy alikuwa ameshageuka upande, anaongea kwa simu kwa sauti ya chini.

Haikupita dakika tatu kidirisha kipya kikafunguka chini kabisa. Kijana alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa kando ya shamba, upepo ukipiga maiki, uso wote ukiwa meno.

"Shikamoo mwalimu! Paschal hapa, kutoka Mbinga! Nilishakata tamaa kabisa, nimepigiwa nikiwa na jembe mkononi!" Alihema, akacheka. "Huyo aliyeniachia nafasi, popote alipo, Mungu ambariki sana."

Nyuso zote kwenye skrini zilimwangalia Eliamini.

"Amina," Eliamini akasema.

Akajifuta uso kwa kiganja, akasogea karibu na kamera.

"Karibu, Paschal. Hujachelewa, ndiyo tunaanza."

Paschal akaweka daftari gotini, akafungua ukurasa wa kwanza, akaujaribu wino wa kalamu pembeni, kisha akainua macho na kusubiri.