Habari za Dobi

Mashuka ya vyumba vya ufukweni yalikuwa yakitoka kwenye pasi, na Bi Wanu aliyapokea huku akijizoeza kusema neno moja. "Mbaya," alijisemea chini kwa chini. Shuka likatoka, akalikunja ncha kwa ncha na mwenzake, Sichana. "Mbaya." Sichana alimuuliza anazungumza na nani. Akasema hazungumzi na mtu.

Pasi yenyewe ilikuwa rola ya moto, ndefu kuliko kitanda, ikiyameza mashuka mabichi upande huu na kuyatoa makavu upande wa pili. Mbele yake palitakiwa pawe na chuma cha kinga, kuzuia vidole visilifuate shuka ndani. Chuma kilikatika tangu msimu uliopita, na mahali pake pakafungwa kipande cha taulo. Kipande cha taulo hakizuii kitu. Mwezi wa Disemba rola ilimshika mkono Rukaiya, na ngozi ya vidole vyake ikabaki juu ya chuma. Rukaiya ni jirani ya Bi Wanu huko Jang'ombe, mlango kwa mlango, na kazi hii ya hoteli ya Kiwengwa alitafutiwa na Bi Wanu huyohuyo. Mpaka leo yuko nyumbani na vidole havikunjiki.

Mkataba wa Rukaiya ulikuwa unakwisha mwisho wa mwezi. Hoteli ikikubali kwamba aliumia kazini, itamtibu na kumngojea. Isipokubali, basi yeye ni mgonjwa tu aliyezidisha siku za kukaa nyumbani, na wanaoililia nafasi yake wamejaa getini.

Asubuhi hii ndipo shauri hilo lingekatwa. Kila mwanzo wa mwaka wakuu wa idara, Bi Wanu wa dobi akiwamo, hukaa na Suhaib, meneja wa ubora na usalama, wakayapima malengo ya mwaka uliokwisha na kupanga ya mwaka unaoingia. Lengo la dobi lilikuwa ajali sifuri. Suhaib alilipanga mwenyewe, kwa kuwa mawakala wanaoleta wageni kutoka Ulaya wanapenda kuliona hivyo. Na idara inayotimiza lengo hupewa kapu la Ramadhani kwa kila mfanyakazi: mchele, sukari, mafuta na tende. Ramadhani ilikuwa inabisha hodi na sukari ilishaanza kupanda, kama desturi yake. Wanawake wa dobi walikuwa wakilizungumza hilo kapu tangu Mfunguo Tatu, mwezi wa Idi Kubwa.

Tatizo ni namna malengo hayo yalivyopimwa. Kila Jumatatu Suhaib hupiga simu idara moja moja na kuuliza, "Habari za dobi?" Bi Wanu, kama mtu yeyote aliyelelewa akaleleka, hujibu "Salama," kisha ndipo akaeleza lililopo. Jumatatu ile ya Disemba pia alijibu salama, ndipo akaeleza mkono wa Rukaiya. Suhaib alisikitika, akampa pole nyingi, akaandika salama.

Nani kwetu anayeulizwa habari akajibu mbaya? Hata aliyefiwa hujibu nzuri kwanza, msiba ukafuata nyuma. Suhaib kazaliwa mtaa wa Amani, hapahapa kwetu, kakulia Amani, analijua hilo kama anavyolijua jina la mama yake. Angekuwa mgeni, Bi Wanu angemsamehe.

Chumba cha mkutano kilikuwa na kiyoyozi kikali na chai ya maziwa ambayo hakuna aliyeigusa. Suhaib aliwaamkia waliomzidi umri mmoja mmoja, kwa adabu kamili, kisha akafungua kompyuta yake na kumtazama Bi Wanu.

"Habari za dobi, Bi Wanu?"

"Salama."

Lilimtoka. Asubuhi nzima alikuwa akijizoeza, na mdomo ukamtangulia kwa mazoea ya miaka hamsini. Alitamani kulivuta neno lile alirudishe kooni.

"Alhamdulillahi," alisema Suhaib, vidole vikicheza juu ya kompyuta. "Lengo limetimia."

"Sijamaliza, mwanangu. Rukaiya aliungua kwenye pasi yetu. Nlikwambia kwenye simu."

Suhaib hakukasirika. Aliegemea mbele, akashusha sauti kama anayembembeleza mgonjwa.

"Bi Wanu, mie nakuheshimu. Lakini ajali huripotiwa siku ileile, na siku ile ulinambia salama. Nikibadilisha leo, wakaguzi wataniuliza nlikuwa wapi. Cheti cha usalama cha hoteli kitakwenda, na wenzako wote hawa watakosa kapu."

Wenzake wote hawa waliangalia vikombe vyao. Machano, mkuu wa jikoni, ambaye mpishi wake alimwagikiwa na mafuta ya moto mwezi wa Agosti, alianza kukoroga chai isiyo na sukari. Bi Wanu alimngojea aseme neno.

"Basi lengo la mwaka huu nlipange mie," alisema Bi Wanu. "Chuma cha kinga kiwekwe kabla ya Ramadhani."

"Hilo si lengo, mama. Hayo ni matumizi. Lengo ni matokeo." Suhaib akatabasamu. "Tunaandika ajali sifuri."

Wakaenda idara ya pili. Machano alipoulizwa habari za jikoni, alisema salama.

Bi Wanu aliteremka ngazi na hasira zake, nyingi akiwa amejikasirikia mwenyewe. Jioni Rukaiya atakuwa kizingitini, mkono umefungwa, na ataanza kwa kumuuliza habari za kazi. Atamjibu nini?

Kule dobi, Sichana alimuuliza habari za kapu kabla ya kitu kingine. Akaambiwa limepatikana. Akamshukuru Mungu kwa sauti, kisha akamkumbuka Rukaiya, akaona aibu. Akaokota shuka bichi na kulisukuma kwenye rola, vidole vyake vikipita juu ya kile kipande cha taulo kana kwamba hakipo.

Bi Wanu aliviona vile vidole. Akanyoosha mkono akazima pasi.

"Bi Wanu, wageni wanaingia saa nane," alisema Sichana.

"Nnajua."

"Na kapu letu?"

"Huenda tukalikosa. Hilo pia nnalijua."

Wanawake waliacha kukunja. Wengine walinuna, na walikuwa na haki ya kununa, kwa maana watoto wao hawafuturu kwa hasira za Bi Wanu. Hakuna aliyeiwasha pasi tena, lakini hakuna aliyemsifu. Rola ilizunguka kidogo kwa nguvu iliyobaki, ikasimama.

Haikupita muda simu ya ukutani ikalia. Wahudumu wa vyumba walikuwa wameshalalamika huko juu kwa wakubwa kwamba mashuka hayaendi.

"Habari za dobi, Bi Wanu?" Sauti ya Suhaib ilikuwa na adabu yake ileile.

Lile neno la siku zote likapanda mpaka kwenye ulimi. Bi Wanu akalimeza.

"Mbaya."

Suhaib alicheka kidogo, kama aliyedhani kasikia vibaya. "Nnauliza habari za dobi, mama."

"Nshakusikia, mwanangu. Mbaya. Andika."

Akabaki na mkono wa simu sikioni, akingoja kusikia kama anaandika.