Gari Linalozima Mlimani

Mara ya kwanza gari lilipomzimikia mlimani, Kuluthum aliogopa. Mara ya pili aliona aibu, maana malori yaliyojipanga nyuma yake yalimpigia honi mpaka masikio yakaziba. Mara ya tatu alikasirika, na hasira hiyo ndiyo iliyokaa naye mpaka mwisho wa mambo haya.

Lilikuwa gari jipya kabisa, si la mtumba kama magari ya watu wengi mjini Nakuru. Alilinunua Aprili 2008, miezi michache tu baada ya vurugu za uchaguzi, wakati majirani zake wa mtaa wa Bondeni walikuwa wakimshauri auze duka na kuhamia Mombasa alikotoka babu yake. Kuluthum alikuwa mshonaji na muuzaji wa sare za shule. Shule tatu alizozihudumia zilikuwa zimechomwa, nyingine hazikuwa na wanafunzi wa kutosha kujaza darasa moja. Yeye akanunua gari. Alilinunua kwa jeuri, kama mtu anayepigilia kigingi chini na kusema hapa siondoki.

Na miezi miwili ya mwanzo alilipenda. Lilikuwa dogo la kutosha kuingia vichochoro vya Bondeni, na limeinuka vya kutosha kupita matope ya Molo bila kusugua tumbo. Ukilaza viti vya nyuma, buti lilimeza sweta mia mbili na bado ukabaki na mahali pa kuweka cherehani. Mumewe, Jalal, aliyekuwa na duka la vipuri vya baiskeli, alikataza watu kuvua nailoni za viti. Alitaka harufu ile ya upya ikae.

Kisha Juni ikaja na ugonjwa. Ukiliendesha kama dakika arobaini juani, ukapita Salgaa ukaanza kupanda mlima wa Sachangwan, injini ilikohoa mara mbili ikanyamaza. Usukani ukawa mzito kama jiwe. Breki zikagoma kushuka. Ukisubiri nusu saa, ukiwasha, linawaka kama halijawahi kufanya kosa maishani. Hapo ndipo shida ilipokuwa, kwa sababu kila alipolipeleka gereji ya kampuni iliyomuuzia, lilifika likiwa halina kasoro yoyote.

Mara hii ya tatu ilikuwa Septemba, katikati ya Ramadhani, shule zimefunguliwa na barabara inajengwa. Gari lilizima kwenye mchepuko wa vumbi, upande mmoja korongo, upande mwingine mtambo wa kushindilia lami. Lori la magogo lilifunga breki nyuma yake, likaserereka, likasimama hatua chache tu kutoka kwenye buti. Dereva wake alitoa kichwa dirishani.

"Mathe! Toa hilo dude barabarani! Unataka tufe?"

Kuluthum aliketi ameshika usukani, akitazama kwenye kioo magogo yale makubwa yaliyofungwa kwa mnyororo mmoja. Nusu saa baadaye gari liliwaka. Hakuendelea na safari ya kupeleka sweta Molo. Aligeuza, akateremka moja kwa moja mpaka gereji, vumbi likiwa bado kwenye nyusi zake.

Meneja wa huduma aliitwa Shamir, mwanamume nadhifu wa makamo aliyependa kuweka kalamu tatu mfukoni. Alisali msikiti mmoja na Jalal. Alimkaribisha Kuluthum kwa tabasamu lile lile la siku zote.

"Dada Kuluthum. Imezima tena?"

"Imezima, na leo nimekaribia kuuawa na lori la magogo. Sitaki chai ya maneno, Shamir. Nataka mfungue hiyo gari mwone iko na nini."

"Lakini imekuja yenyewe hapa, si ndiyo?"

"Imekuja ikiwa baridi. Shida ni ikipata moto, tena mlimani. Nimewaambia tangu Juni."

Shamir aligeuza karatasi mezani. "Hata kama kuna kitu cha kubadilisha, dada, vipuri vimekwama bandarini. Unajua mambo ya vurugu. Nchi bado haijakaa sawa."

"Vurugu ziliisha Februari."

"Athari zake, dada."

Kuluthum alihisi damu ikimpanda mpaka kwenye paji la uso. Alimkumbuka fundi wake wa vifungo, mama wa watoto wanne, aliyefukuzwa kwake na bado analala kwenye hema katika uwanja wa maonyesho. Huyo ndiye aliyekuwa na haki ya kusema neno hilo. Mtu huyu mwenye kalamu tatu alikuwa amelichukua akaligeuza kisingizio cha vipuri.

"Usinitajie vurugu," alisema. Sauti yake ilipanda, na wateja wawili waliokuwa kwenye kochi wakainua macho. "Usithubutu. Nipe fundi aende na mimi Sachangwan. Sasa hivi."

"Punguza hasira, dada. Si umefunga?"

"Nimefunga chakula. Sijafunga akili."

Tabasamu la Shamir likafifia. Alivuta droo, akatoa faili, akaifungua taratibu kama mtu aliyeweka silaha yake mpaka dakika ya mwisho. "Sikutaka tufike hapa. Lakini hii maneno tulishamaliza na mzee wako." Akasoma: "'Mwenye gari amekiri kuwa dereva wa kila siku, ambaye ni mkewe, hana mazoea na gari la aina hii, na kwamba kuzima kunatokana na uendeshaji. Hana dai lolote zaidi.' Sahihi yake hii hapa. Tarehe nane Agosti."

Kuluthum aliitazama ile sahihi. Aliijua vizuri, herufi ya mwisho ikiwa imevutwa kama mkia wa paka. Alikuwa ameendesha magari kwa miaka kumi na tisa. Alijifunzia kwenye pikapu ya baba yake isiyokuwa na breki ya mkono, akaenda nayo Kisumu na kurudi kwa mvua na kwa ukungu, na hakuwahi kugonga hata kuku. Mwenye gari! Jina lililoandikwa kwenye kitabu cha gari lilikuwa lake yeye.

Alitoka bila kuaga. Alikuwa amefika kwenye gari lake langoni aliposikia hatua nyuma yake. Ni Akoth, fundi pekee wa kike pale, ovaroli yake imekunjwa mikono, anajifanya kukagua upepo wa tairi.

"Mathe, usigeuke," Akoth alisema akiwa amechutama. "Ni pampu ya mafuta. Ikipata moto inakata. Mimi niliandika kwa kadi, wakanirudishia niandike hakuna kasoro. Na si wewe pekee yako. Kuna mwalimu Rongai, anaitwa Jelagat, gari yake ni kama hii, nyeupe. Waliambia mzee wake pia eti mwalimu hajui kuendesha."

"Kwa nini unaniambia?"

"Sababu wewe unapiga kelele." Akaugonga mpira wa tairi kwa kiganja. "Upepo uko sawa, madam," akasema kwa sauti ya watu wote, akarudi ndani.

Jioni, baada ya kufuturu, Kuluthum alimngoja Jalal amalize uji wake. Binti yao, Fardosa, alikuwa shule ya bweni, kwa hiyo nyumba ilikuwa ya watu wawili tu.

"Baba Fardosa, mimi sijui kuendesha gari?"

Jalal aliweka kikombe chini. Alijua. "Shamir amekuonyesha?"

"Nijibu."

"Ilikuwa karatasi tu. Shamir ni mtu wetu, tunakutana naye kila Ijumaa. Alisema nikitia sahihi watafanya sevisi mbili za bure na yaishe. Nilitaka yaishe."

"Yaishe kwa nani? Wewe uliyekaa dukani au mimi niliye mlimani?"

"Mama Fardosa, wewe huwa unaendesha na haraka zako. Labda klachi..."

Hakumaliza. Kuluthum alikuwa amesimama. Hakupiga kelele, angepiga kelele angelia, na hakutaka Jalal apate nafasi ya kumbembeleza. "Kesho asubuhi utaendesha wewe," alisema. "Na klachi utakanyaga unavyotaka."

Waliondoka saa tatu, jua limeshakomaa. Buti lilikuwa na sweta za shule ya Molo zilizochelewa. Jalal aliendesha kwa uangalifu wa kujionyesha, akibadilisha gia polepole, akisema, "Unaona? Unaona?" kila walipopita kilima kidogo. Walipita Rongai. Walipita Salgaa, malori yamelala pande zote mbili za barabara. Kuluthum alikuwa amefumbata mikono mapajani. Moyoni alikuwa akiomba dua mbaya, dua ya gari lizime, na aliona uchungu kwamba mumewe alikuwa amemfikisha mahali pa kuomba hivyo.

Lilizima pale pale kwenye mchepuko, mtambo wa lami ukiwa umesogea mita chache tu.

Jalal alikanyaga klachi. Akakanyaga breki, ikagoma kama ukuta. Gari likaanza kurudi nyuma. "Haishiki! Kuluthum, haishiki!" Alikuwa hajamwita kwa jina lake kwa miaka mingi. Nyuma yao basi lilipiga honi ndefu.

Kuluthum alipeleka mkono, akavuta breki ya mkono kwa nguvu zake zote. Gari likatikisika, likasimama. Akabonyeza taa za hatari. Kisha akaegemea kiti.

"Hivi ndivyo," alisema.

Jalal alikuwa amelowa jasho. Basi lilipowapita, kondakta alimtukana tusi zito. Walikaa nusu saa nzima. Mwishowe Jalal akasema, "Sikujua ni hivi."

"Nilikuambia ni hivi. Mara tatu."

Gari lilipowaka, walibadilishana viti. Walifikisha sweta Molo, wakarudi, na walipoingia mjini Jalal ndiye aliyekuwa akitokota kwa hasira. Alitaka waende gereji papo hapo. Aliingia kwa Shamir akipiga meza kwa kiganja.

"Hii gari itaua mtu! Nimezimikiwa mlimani mimi mwenyewe! Ikipata moto inakata!"

Shamir alisimama. Akaleta viti viwili, akafunga mlango. "Pole sana, boss. Kaa kwanza. Kumbe ni jambo kubwa hivyo? Ngoja." Akainua simu, akanong'ona na mtu wa stoo, akaikata. "Pampu iko moja. Tutabadilisha leo, saa tisa uchukue gari yako. Bila kulipa hata kitu."

Kuluthum alisikia mlio masikioni. Ni maneno yale yale aliyoyasema yeye. Ikipata moto, tena mlimani. Aliyasema Juni, akayasema Julai, akayasema jana tu akiwa na vumbi usoni. Yalikuwa yamengoja yatoke kwenye kinywa chenye ndevu ndipo yapate maana. Na pampu, iliyokuwa imekwama bandarini jana, leo iko stoo.

"Shukrani, Shamir," Jalal alikuwa akisema, hasira yake imeshuka haraka kama ilivyopanda. "Hivyo ndivyo watu wanasaidiana."

"Bado," Kuluthum alisema.

Wanaume wote wawili waligeuka.

"Leta ile faili."

"Dada, ile ni ya ofisi. Na si tumeshakubaliana?"

"Umekubaliana na yeye. Gari ni yangu. Mtaandika kwamba pampu ilikuwa mbovu tangu mwanzo, mpige muhuri. La sivyo naliegesha gari langu kwenye lango lako, na kila anayekuja kununua gari nitamweleza mimi mwenyewe. Muda ninao. Na kama ulivyosema, nimefunga, sihitaji kwenda kutafuta chakula."

Shamir alimtazama Jalal, akimwomba kwa macho amtulize mkewe. Jalal akajaribu. "Mama Fardosa, basi, si wamekubali..."

"Na wewe pia utaandika."

"Niandike nini?"

"Kwamba ulitia sahihi jambo usilolijua."

Nje, spana ilianguka sakafuni. Jalal alitazama mikono yake, kisha akachukua kalamu moja kutoka mfuko wa Shamir bila kuomba. Aliandika polepole. *Mimi Jalal sikuwa ndani ya gari siku zile. Nilichotia sahihi si kweli. Mke wangu anajua kuendesha kuliko mimi.* Sentensi ya mwisho Kuluthum hakuiomba. Aliisoma mara mbili, na kifua chake bado hakikulegea. Huenda kingelegea siku nyingine.

Barua ya Shamir ilichukua saa nzima na iliandikwa upya mara mbili. "Nani amekuambia pampu ilikuwa mbovu tangu mwanzo?" aliuliza akipiga muhuri.

"Gari," Kuluthum alijibu, wala hakutazama upande wa karakana.

Siku ya pili alitoa nakala za zile karatasi mbili, akaenda Rongai peke yake. Alimuulizia mwalimu Jelagat kwenye duka la mahindi, akaelekezwa nyumba yenye ua wa michongoma. Gari jeupe lilikuwa limefunikwa turubai chini ya mti. Jelagat alikuwa ndio kwanza anatoka shuleni kwa miguu, viatu vimejaa vumbi, madaftari kifuani.

"Mwalimu, hiyo gari huwa inakuzimikia mlimani?"

Jelagat alimtazama kwa wasiwasi. "Ilikuwa. Siku hizi mzee alichukua funguo. Walimwambia gereji eti mimi ndio naiharibu." Aliyasema kwa sauti ya mtu aliyeanza kuyaamini.

Kuluthum alimpa zile karatasi. Jelagat alisoma amesimama pale pale langoni. Alisoma ya kampuni, akasoma ya Jalal, akarudia ya kampuni. Madaftari yakaanza kumteleza, akayaweka chini kwenye nyasi. Shingo yake ilikuwa imevimba mishipa.

"Miezi mitatu," alisema. "Miezi mitatu natembea kilomita nne."

Kisha akageukia nyumba alimokuwa mumewe, na sauti aliyoitoa iliwatimua kuku wote waliokuwa uani.

"Kimutai! Toka nje! Na ukuje na funguo!"